Mlango wa mbele unaotazama ziwa: rangi nimekosea mara mbili, ya tatu nataka niipate

Mama wa Luchelele (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe watu huliona dogo na mimi limenila pesa mara mbili.

Nyumba yetu iko Luchelele, hapa Mwanza. Ukifungua mlango wa mbele unaiona ghuba yote mpaka ng'ambo ya Sengerema, na jioni jua linazama mbele yako kabisa. Ndiyo maana mume wangu wakati wa kujenga aliigeuzia baraza magharibi, barabara tukaipa mgongo. Kuta tumepiga krimu, bati ni la chokoleti, msingi ni wa mawe, na ubavuni mwa nyumba kuna jabali limeipita nyumba urefu. Hatukuweza kulipasua, tukajenga kwa kulipisha. Wa Mwanza mnaelewa.

Mlango ni wa mninga, futi 3 kwa 7. Mara ya kwanza tuliupiga vanishi. Mwaka mzima uling'aa kama kabati la sebuleni. Mwaka wa pili ukaanza kutoka magamba kuanzia usawa wa kitasa kwenda chini. Nikikwangua kwa kucha, vanishi inanyanyuka mapande mapana kama ganda la kitunguu, na chini yake mbao imegeuka kijivu, haina hata ule wekundu wake. Juu, pale paa la baraza linapoufunika, vanishi ilikuwa nzima kabisa. Ni mlango mmoja, lakini ukiutazama ungesema ni miwili iliyoungwa.

Mara ya pili nikasema basi, tupige rangi. Nikaenda mjini, nikachagua damu ya mzee kwenye kadi ya dukani, kipande kidogo kama stempu, juu yangu inawaka taa ya tyubu. Pale dukani ilikuwa rangi ya kifalme. Nyumbani, asubuhi, chini ya kivuli cha baraza, ikawa nyeusi. Ukisimama getini unaona ukuta mzuri wa krimu na shimo katikati. Mchana jua likigeuka ni habari nyingine: mlango unachemka. Mwanangu wa miaka miwili aliweka kiganja akakitoa huku analia.

Na fundi wa mara hiyo alifika saa kumi jioni, akamaliza giza likiingia na taa ya barazani inawaka. Wale wadudu wadogo wa ziwani mnawajua wanavyokuja. Asubuhi nikakuta wamenasa mlango mzima. Ukipitisha kidole ni kama kupapasa mkate wa ufuta. Masika ilipoingia, mlango ukavimba chini ukagoma kufungika, tukaupiga randa, na pale palipopigwa randa pamebaki mbao tupu mpaka leo.

Sasa tunaanza upya na nyumbani tumegawanyika. Mimi nataka bluu bahari, maana ziwa liko mbele yangu kila siku na nalipenda. Mume wangu anataka kijani, ile ya jani la mgomba. Mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa Kisesa na anakaa nasi, anasema rangi ya udongo. Hoja yake ni hii: "Mayu (mama), udongo umekaa nje tangu dunia iumbwe na jua halijaumaliza rangi."

Naomba ushauri wenu. Bluu, kijani, au udongo? Na nifanyeje nisiingie hasara ya tatu?

---

Fundi Rangi Igoma

Pole sana dada. Kabla hujauliza rangi gani, jua kwanza mlango wako unapigwa na nini. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la jioni haliukimbii mlango wa magharibi mwezi wowote. Linasogea kidogo kulia, kidogo kushoto, lakini kila jioni linaingia chini ya paa la baraza na kuupiga usoni mpaka saa moja kasoro. Mlango wa mashariki hupata jua laini la asubuhi. Wako unapata kali, kwenye mbao ambayo imeshapata moto tangu saa nane.

Vanishi ilikufa kwa sababu ni kama kioo. Mwanga unapita, unaichoma mbao chini yake, uso wa mbao unalegea, na vanishi inakosa cha kushika. Ndiyo maana ulikuta kijivu chini ya magamba. Rangi yenyewe ni pazia, mwanga unaishia juu.

Rangi nzito kama damu ya mzee na nyeusi inakunywa joto. Mchana mbao inakauka na kusinyaa, usiku inapoa na kuvuta unyevu inatanuka tena, na viungo vya paneli vinaanza kuonyesha nyufa nyembamba. Kaangalie kwenye kona za paneli zako za chini, nadhani utazikuta.

Kuhusu kupauka: nyekundu kali na njano kali za kung'aa nyingi huchoka juani. Rangi zinazotokana na oksaidi ya chuma hazichoki. Hiyo oksaidi ya chuma ndiyo inayoufanya udongo uwe mwekundu au wa njano. Kwa hiyo mama mkwe amesema jambo la kitaalamu kabisa, mpelekee salamu zangu.

Namna ya kuchagua: achana na kadi. Nunua kopo dogo la kila rangi unayoitaka, tafuta vipande vya plaiwudi vya futi 2 kwa 2, vipige praima (rangi ya msingi) kisha mikono miwili ya rangi, yaani mara mbili. Vikikauka vifunge mlangoni penyewe, si ukutani, si uani. Viangalie saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja, na usiku taa ikiwaka. Siku nne au tano. Na uviangalie ukiwa getini, kwa sababu mgeni anaanzia pale.

---

Mzee wa Mbao

Mimi sitaficha, imeniuma kusoma mninga umepigwa rangi. Mbao ile watu wanaililia. Mngekwangua mkarudisha vanishi nzuri ya nje, mkairudia kila mwaka kabla haijaanza kutoka, mngebaki na mlango wa maana.

---

Mama wa Luchelele

Mzee wangu, nakuelewa na mimi roho iliniuma. Lakini kila mwaka kukwangua na kupiga upya, mlango unaotazama magharibi? Tulijaribu kukubaliana nani atakuwa anaifanya kazi hiyo na hakupatikana mtu. Milango ya vyumbani yote ni mninga na yote ina vanishi, ile ya ndani haijabadilika hata kidogo. Huu mmoja wa nje acha uvae nguo.

---

Mzee wa Mbao

Hapo nimekubali. Kama ya ndani imebaki, sina neno.

---

Mvuvi wa Mwaloni

Nachangia kwa upande wa mitumbwi, kwa sababu Kirumba tunapaka rangi kuliko wenye nyumba. Dada, hilo la mlango kuvimba chini halikuletwa na masika, lilikuwepo tangu siku fundi aliyewapigia alipoacha ukingo wa chini bila rangi. Mtumbwi hauanzi kuoza ubavuni. Unaanzia kwenye ncha za mbao, pale mbao ilipokatwa, kwa sababu mishipa yake imebaki wazi na inanyonya maji kama mrija. Mlango wako chini ni hivyo hivyo. Maji ya mvua yanarukia barazani, mama akipiga deki yanagusa pale, na mbao inakunywa tu.

Ung'oeni mlango kwenye bawaba, ulazeni juu ya vigoda, na ukingo wa chini na wa juu upigwe praima na rangi mikono mitatu kabla hamjagusa uso. Hata kama hakuna mtu atakayeuona. Pigeni na yale matundu ya kitasa kwa ndani.

Na wale wadudu: sisi wa dagaa tunavua giza la mwezi kwa taa, tunawajua vizuri. Wanafuata mwanga. Anzeni kazi saa mbili asubuhi ili jioni rangi iwe imeshashika, na usiku huo zimeni taa ya barazani. Acheni taa ya mbali iwake, hata ya getini, waende huko.

---

Nesi Buswelu

Naomba nikusimamishe kidogo kwenye neno moja: mtoto wa miaka miwili.

Rangi za mafuta za kung'aa, hasa njano, chungwa na nyekundu, kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, na bado zipo nchi nyingi ambako hazijaisha sokoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaathiri ubongo unaokua, na mtoto haonyeshi dalili mapema. Kiwango ambacho Shirika la Afya na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa wanazitaka nchi ziweke kwenye sheria ni kisichozidi sehemu 90 katika milioni.

Kwa hiyo unaponunua, soma kopo. Tafuta palipoandikwa kuwa haina risasi na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Rangi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo, usiinunue kwa ajili ya mlango ambao mtoto anaushika na kuweka mikono mdomoni.

Jambo la pili ni vumbi. Mtakapoiondoa hiyo damu ya mzee, hamjui ndani yake kuna nini. Msipige msasa mkavu barazani. Loanisheni, pigeni msasa wa maji, tandikeni turubai chini, na mtoto awe mbali siku nzima, hata kwa jirani. Vumbi lote likusanywe kwa kitambaa kibichi na lisifagiliwe kwa ufagio. Fundi naye avae barakoa na asirudi nyumbani kukumbatia watoto na nguo zile.

---

Mama wa Luchelele

Nesi, Mungu akubariki. Hilo la vumbi hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuniambia, na ile mara ya pili walipiga msasa mtoto akiwa anacheza hapo hapo.

Fundi wa Igoma, nimekwenda kuangalia kona za paneli za chini. Nyufa zipo, mbili, unene wa uzi wa cherehani. Nimeshtuka.

---

Kijana wa Mkolani

Mleta uzi hujasema kama una grili. Kama mbele ya mlango kuna grili ya chuma, basi rangi utaiona kupitia nondo. Yetu grili ilikuwa nyeupe na mlango kijani, ikawa kama kitambaa cha mistari. Tulipopiga grili nyeusi, macho yakaacha kuiona, mlango ukajitokeza.

---

Mama wa Luchelele

Ipo, na ni nyeusi. Nashukuru.

---

Binti Ukerewe

Dada mimi sina utaalamu wa rangi ila nimekulia kwenye mawe. Umetaja ukuta, bati, msingi, halafu ukalitaja jabali kama jirani tu. Mgeni akiwa getini, kitu kikubwa kuliko vyote anachokiona ni lile jabali. Mlango ukipatana na ukuta ukagombana na jabali, bado utaona kuna kitu hakijakaa.

Watu husema mawe ya Mwanza ni ya kijivu. Siyo. Nenda asubuhi, kaa nalo karibu, hasa likiwa limeloa umande. Kuna wekundu wa mbali ndani yake, kuna michirizi myeusi maji yanapopita, na kuna yale madoa ya ukungu wa mawe, mengine kijani cha majivu na mengine njano iliyokolea. Chukua rangi humo. Hata kama hutaichukua, zile plaiwudi za fundi zilinganishe na jabali kabla ya kuzilinganisha na ukuta.

---

Mama wa Luchelele (mrejesho, siku kadhaa baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Nilitengeneza vipande vitatu kama fundi alivyoelekeza: bluu bahari, jani la mgomba, na udongo mwekundu. Tukavifunga mlangoni kwa zamu, kila kimoja siku nzima, familia yote tunatoka getini kuangalia. Majirani walifikiri tuna shughuli.

Bluu yangu. Asubuhi ilikuwa nzuri mpaka nikawaita watu. Saa sita bado nzuri. Ikifika saa kumi na mbili jioni, wakati sisi ndio tunakaa barazani, ule mwanga wa chungwa wa jua linalozama unaiua. Inakuwa kijivu kilichochoka, kama sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu. Na nyuma yangu ziwa lenyewe wakati huo si bluu, ni shaba. Nilikaa siku mbili nikijaribu kuitetea, nikashindwa.

Kijani kilikuwa hakina kosa, ila mwembe uko hatua tano kutoka mlangoni. Ukiwa getini huoni mlango, unaona mwembe umeingia ndani.

Udongo mwekundu jioni uliwaka vizuri mno. Tatizo ni asubuhi. Chini ya baraza ulirudi kuelekea damu ya mzee, si sana, lakini mimi nimeshaumwa na nyoka nikaona unyasi.

Ndipo nikafuata neno la Binti Ukerewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikwenda kwenye jabali na mama mkwe, yeye na kiti chake. Jabali ninalolipita kila siku tangu 2019. Upande unaotazama ziwa kuna doa la njano ukubwa wa sahani, limepasuka pasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, pembeni yake njano inafifia kuwa rangi ya unga wa mtama. Mama mkwe akaliwekea kidole. Akasema kwao Kisesa chini ya udongo mweusi wa shamba, ukichimba shimo la choo, unakutana na udongo wa rangi hii hii. Yeye hakuwa amesema udongo mwekundu, alisema udongo. Wekundu niliuongeza mimi.

Nikaenda dukani na kipande cha jiwe mfukoni. Nikamwomba yule kijana wa mashine ya kuchanganya atoke nacho nje mlangoni, tuangalie juani. Tulichanganya mara mbili. Iko kama haradali iliyotulia, haing'ai kama njano ya bajaji. Nikauliza imechanganywa na nini, akasema njano ya oksaidi, kidogo nyeusi na kidogo nyekundu. Kopo limeandikwa haina risasi, alama ya TBS ipo, nimelipiga picha.

Kipande cha nne kimekaa mlangoni siku tano. Asubuhi kwenye kivuli kinaonekana. Saa tisa mchana nimeweka kiganja changu nikahesabu mpaka thelathini. Ni cha vuguvugu, hakichomi. Jioni ndiyo saa yake. Mume wangu alirudi kutoka Nyegezi, akasimama getini, akasema, "Hii ndiyo." Hakuuliza kijani kimekwenda wapi.

Swali langu kwa fundi: lita ngapi, na nianzie wapi?

---

Fundi Rangi Igoma

Hapo umefanya kazi ambayo wateja wangu hawaifanyi. Mlango wa futi 3 kwa 7 ni kama mita za mraba 2 kila upande. Pande mbili, mikono miwili, ni mita 8. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 au zaidi kwa mkono mmoja ikiwa mbao imeshapigwa praima, kwa hiyo lita 1 inakutosha na inabaki ya kurekebishia. Fremu ukiitaka rangi hiyo hiyo, ongeza nusu lita. Mimi ningeiacha fremu krimu kama ukuta, mlango usimame peke yake.

Kuondoa ya zamani: msasa wa maji namba 120, kisha 240. Pale palipopigwa randa na pale pa kijivu shukeni mpaka mbao yenye rangi yake. Mninga una utomvu mwekundu, unaweza kutokeza juu ya rangi nyepesi kama doa la chai. Kwa hiyo praima ya mafuta iwe ile ya kuzuia madoa, na kila mkono ukauke usiku mzima. Nyufa za paneli zijazeni puti inayonyumbulika, siyo ile ngumu ya gari. Mng'ao uwe wa wastani. Mng'ao kamili jioni utaonyesha kila alama ya brashi.

Sasa hivi ni kiangazi, msisubiri vuli.

---

Nesi Buswelu

Na mtoto?

---

Mama wa Luchelele

Mtoto anakwenda Kisesa na bibi yake siku tatu. Wabeja sana, asanteni.

---

Mama wa Luchelele (mrejesho wa mwisho)

Kazi imekwisha jana. Mlango uling'olewa saa mbili asubuhi, ukalazwa kwenye vigoda chini ya mwembe juu ya turubai. Mlangoni tulitundika shuka na usiku tukalala tumefunga grili tu kwa kufuli mbili. Ukingo wa chini nimeupiga mimi mwenyewe kwa mkono wangu, mikono mitatu, brashi inanywewa mara ya kwanza kama unapaka sifongo, mara ya tatu inateleza. Mvuvi, nilikukumbuka. Rangi iliingia mpaka kwenye tundu la kitasa.

Usiku tulizima taa ya barazani tukaiwasha ya getini. Asubuhi nimekuta mdudu mmoja karibu na bawaba ya juu, nimemtoa kwa ncha ya sindano, fundi akapagusa.

Kuna waliouliza namba ya rangi kwenye ujumbe. Siiweki, si kwa uchoyo. Imechanganywa kwa ajili ya jabali letu na jua la baraza letu, na mtu wa Isamilo mwenye mlango wa mashariki ataiona haradali kavu. Tengenezeni vipande, vifungeni mlangoni.

Imebaki robo ya kopo. Nimebandika karatasi juu yake yenye tarehe na mchanganyiko, nimelifunga nikaligeuza juu chini ili hewa isipite, liko stoo juu ya rafu ambayo mtoto hafikii. Mtoto mwenyewe alirudi leo saa tisa na bibi yake. Alisimama mbele ya mlango, akaficha mkono nyuma. Bibi akaweka wa kwake kwanza, akauacha pale. Kisha na yeye akaweka.